Siku moja Washington: uanze na Alma Thomas, Gilliam, Pollock au Rothko?

Kila nikipata mgeni kutoka nyumbani, siku ya tatu ya nne hivi akishachoka na maduka anaanza kuulizia makumbusho, na nikimwambia hapa Washington karibu yote ni bure anashangaa, halafu linakuja swali lenyewe: nipeleke nikaone hiyo michoro ya mabaka ambayo watu wanainunua kwa mamilioni, nione kama na mimi itaniingia. Mi hili swali nalipenda sana, na nimelijibu vibaya kwa miaka, maana nilikuwa namchukua mtu moja kwa moja mpaka kwa Rothko kwa sababu ndo ninayempenda kuliko wote. Mtu anasimama dakika mbili, anatoka, anasema haya nimeona twende tukale. Nimeshawapoteza watu kadhaa kwa njia hiyo, watu wenye macho mazuri kabisa, na bado inaniuma.

Kwa hiyo hii naiandika kwa mtu mwenye siku moja, anayekuja mjini kwa treni, ambaye abstrakti, yaani michoro isiyoonyesha mtu wala kitu, haijawahi kumshika lakini anataka kujaribu kweli. Nalinganisha wanne tu: Alma Thomas, Sam Gilliam, Jackson Pollock na Mark Rothko. Wote kazi zao zipo kwenye makumbusho ya hapa, na hawafanani hata kidogo, yaani kuwaweka kwenye kapu moja eti kwa sababu hawajachora mtu wala mti ni kama kusema taarab na singeli ni kitu kimoja kwa kuwa zote zina ngoma.

Jibu langu fupi ni hili: anza na Alma Thomas, nenda kwa Gilliam, kisha Pollock, Rothko awe wa mwisho jioni. Isipokuwa kama umebeba msiba au jambo zito moyoni, hapo geuza, nenda kwa Rothko kwanza na usiende kwa mtu mwingine siku hiyo.

Sababu yake ni kitu nilichojifunza kwa mama yangu mdogo, nitafika huko. Ila kigezo ninachotumia sasa ni kimoja: mkono wa mchoraji unauona? Ukisimama mbele ya hiyo kazi unaweza ukasema huyu alianzia hapa, akafanya hivi, akaishia pale? Mgeni anauliza "inamaanisha nini" na analiuliza swali hilo hewani, hakuna wa kumjibu, anachoka. Lakini ukimuuliza "unadhani ilitengenezwaje" ghafla anasogea karibu, anainama, anaanza kutazama. Basi anza na mchoraji ambaye mkono wake unaonekana, malizia na ambaye ameuficha.

Alma Thomas mkono wake unaonekana wote. Vipande vifupi vya rangi, kimoja pembeni ya kingine, kama vigae au kama ushanga uliotungwa kwa mistari, na katikati ya vipande unaona nyeupe ya chini inapumua. Ukisogea zaidi unaona mpaka mistari ya penseli aliyojichorea kwanza ili apate njia. Hakuna siri. Mtoto wa miaka sita anaweza kukuonyesha kwa kidole brashi ilishukia wapi na kuondokea wapi, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Na maisha yake yenyewe jamani. Alizaliwa 1891 Columbus, Georgia, familia ikahamia Washington 1907, akawa mtu wa kwanza kabisa kuhitimu sanaa pale Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1924, halafu akaenda kufundisha watoto shule moja ya hapa hapa mjini miaka 35. Thelathini na tano! Alistaafu 1960 akiwa na karibu miaka 70 na ndipo akaanza kuchora yale tunayoyajua leo. Yaliyo nyuma ya vile vipande vya rangi ni dirisha la nyumba yake barabara ya 15, kulikuwa na mti mbele, wenye majani magumu yanayong'aa, akawa anaangalia mwanga unavyopenya kwenye majani na kuvunjikavunjika. Mikono tayari ilikuwa na ugonjwa wa viungo. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, makumbusho ya Whitney kule New York wakamfanyia onyesho la peke yake, mwanamke mweusi wa kwanza kupata hiyo nafasi pale, na alikumbusha mwenyewe wakati ule kwamba Columbus alikotoka watu weusi walikuwa hawaruhusiwi hata kuingia makumbusho, achilia mbali kufikiria kutundika kazi zao mle.

Mkusanyiko wake mkubwa kuliko wote wa umma uko kwenye makumbusho ya sanaa ya Marekani ya Smithsonian, treni inakushusha Gallery Place unatoka tu uko hapo. Ukikuta The Eclipse ya 1970 iko ukutani simama. Duara jeusi limekaa pembeni kidogo, halipo katikati, limezungukwa na pete za rangi moja baada ya nyingine mpaka zinatoka nje ya kitambaa. Mwezi Machi mwaka ule jua lilipatwa huku upande wa mashariki ya Marekani, kwa hiyo hata anayetafuta "ni nini" anapata cha kushika mkononi kabla hajaachia. Hilo ndo jambo la Thomas, anakupa mpini. Azalea, jua, bustani ikionekana kutoka angani kwenye ndege, vyombo vinavyokwenda mwezini alivyokuwa akivitazama kwenye televisheni. Halafu taratibu unasahau mpini unabaki na rangi.

Kuna watu wanamwona mwepesi, eti furaha tupu, maua maua. Mi sikubaliani. Alisema waziwazi kwamba kupitia rangi alichagua kutazama uzuri na furaha badala ya ukatili wa binadamu kwa binadamu, na kuchagua hivyo ukiwa umezaliwa Georgia 1891 na rangi yako ni nyeusi ni uamuzi mzito. Ile kubwa ya mwisho mwisho, ya azalea nyekundu, vipande vitatu vilivyoungana kama mita nne kwa upana, aliichora 1976 baada ya kuvunjika nyonga. Angalia vipande vyake vilivyokuwa vimenyooka kama mistari ya daftari vinavyoanza kucheza, kila kimoja na umbo lake.

Basi ukitoka kwa Thomas macho yako yameshafunguka, nenda kwa Gilliam. Jengo lile lile la Smithsonian wana April 4, ya 1969, na Makumbusho ya Taifa ya Sanaa, jengo la mashariki, wana Relative, ambayo ni kitambaa kinachoning'inia.

Hapa ndo namleta mama mdogo. Yeye ametengeneza batiki Morogoro miaka mingi sana, mikono yake ina rangi isiyotoka kwenye kucha. Alikuja kunitembelea, nikampitisha kwenye vyumba vingi akawa ananifuata tu kwa adabu, "sawa mwanangu, pazuri", najua hajashikwa. Tukafika kwa Gilliam. Akanyamaza. Akazunguka upande, akainama akaangalia kwa chini, halafu akaniambia, "Hiki kilikunjwa kikiwa kibichi. Angalia, hili doa na lile ni ndugu, walilaliana." Mi nilikuwa nimepita pale mara kumi na sikuwa nimeona. Na ni kweli kabisa, ndivyo alivyokuwa akifanya: anachukua kitambaa ambacho hakijapakwa kitu cha chini, anamwaga rangi ya akriliki iliyozimuliwa, anakikunja bado kimelowa na kukiacha, asubuhi akifungua rangi zimeshaambukizana zenyewe, upande huu una picha ya upande ule. Mama mdogo alisimama pale dakika ishirini anaelezea mikunjo ilikuwa mingapi. Watu wengine wakaanza kusogea kusikiliza na wala hawakujua Kiswahili.

Siku ile ndo nilibadilisha utaratibu wangu wote.

Gilliam alizaliwa 1933 Tupelo, Mississippi, akakulia Louisville, akaja Washington 1962 na akabaki hapa mpaka kufariki 2022. Mwaka 1968 alifanya jambo ambalo leo linaonekana dogo kwa kuwa tumelizoea: aliondoa mbao. Tangu zamani mchoro ulikuwa kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya mbao kikakaza kama ngozi ya ngoma, yeye akakitoa, akakining'iniza darini, kikashuka, kikajikunja kama pazia au kanga iliyoanikwa, kwa hiyo kila kikitundikwa mahali papya kinakuwa kazi nyingine kidogo. Lazima utembee. Kutoka pembeni kuna rangi ambayo mbele haipo kabisa.

Wakati ule wapo watu weusi wenzake waliomlaumu, maana ilikuwa miaka ya moto, Dr. Martin Luther King ameuawa tarehe 4 Aprili 1968, Washington imeungua, na wewe unamwaga rangi nzuri kwenye kitambaa? Uchore ngumi, uchore sura zetu. Gilliam akajibu kwa kazi. Ile April 4 jina lake ni tarehe ile, na ina zambarau iliyotanda na madoa mekundu yamepenya kitambaa kama kitu kilichomwagika sakafuni kikafutwa hakikutoka. Hakuna sura ya mtu, na mi sijaona picha ya msiba ule yenye sura inayonikaa hivi. Mwaka 1972 akapelekwa Venice kuiwakilisha Marekani kwenye yale maonyesho makubwa ya kila baada ya miaka miwili, mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Sasa kati ya Thomas na Gilliam, kama una muda wa mmoja tu? Ukiwa na watoto, Thomas. Ukiwa na mtu yeyote wa kitambaa, fundi cherehani, mtu wa batiki, msusi, mtu wa mikeka, nenda Gilliam usifikirie mara mbili. Mtu anayependa kukaa sehemu moja akatulia, Thomas. Asiyetulia, Gilliam.

Kabla ya Pollock kuna mtu wa kupitia, hata kwa dakika tano, kwa sababu bila yeye Gilliam asingemwaga rangi namna ile. Helen Frankenthaler, binti wa New York, Oktoba 1952 akiwa na miaka 23 alitandika kitambaa kitupu sakafuni akamwagia rangi ya mafuta iliyolainishwa na tapentaini mpaka ikawa kama maji, ikazama. Ikawa haikai juu ya kitambaa tena, imekuwa kitambaa chenyewe. Kazi inaitwa Mountains and Sea na imekaa kwa mkopo wa muda mrefu hapo Makumbusho ya Taifa. Mwaka uliofuata wachoraji wawili wa Washington, Morris Louis na Kenneth Noland, walikwenda New York wakaiona, wakarudi huku wakaanza kumwaga nao, na kutoka hapo mji huu ukapata ukoo wake wa wachoraji wa rangi ambao Thomas na Gilliam wanatajwa nao. Ukiitazama angalia pembezoni mwa rangi, kuna kivuli cha mafuta kimetambaa taratibu kwenye kitambaa kwa miaka yote hii, kama doa la chapati kwenye karatasi. Fundi rangi yeyote atakwambia kwa nini huwa tunapaka andakoti kwanza, Frankenthaler aliiruka makusudi.

Haya, Pollock.

Kuhusu Pollock kuna kelele nyingi, ile "hata mwanangu angefanya", na mi siwalaumu wanaosema hivyo kwa sababu wengi wamemwona kwenye simu tu. Kwenye simu Pollock anakufa kabisa. Lavender Mist, ambayo jina lake lingine ni Number 1, 1950, iko Makumbusho ya Taifa na ina mita mbili na ushee kwenda juu na mita tatu kwa upana, ukiiweka kwenye kioo cha inchi sita inakuwa vumbi. Nenda nayo karibu. Unaona nyuzi nyeupe, nyeusi, rangi ya samaki wa salmoni, ya fedha inayometa, zinapita juu na chini ya mwenzake, na kwenye kona za juu kuna alama za viganja vyake mwenyewe, amepiga mkono uliolowa rangi kama anasaini. Na hilo jina la Lavender Mist alipewa na mhakiki rafiki yake Clement Greenberg, rangi ya lavenda yenyewe haimo, ni macho yako yanaichanganya kutoka mbali.

Alizaliwa 1912 Cody, Wyoming, akahamia na mkewe Lee Krasner kijijini Springs, kule mwisho wa Long Island, mwaka 1945, akageuza ghala kuwa karakana, na kati ya 1947 na 1950 akafanya zile zilizobadilisha mambo. Kitambaa sakafuni, yeye anazunguka pande zote nne, ameshika kijiti au brashi iliyokauka, rangi inashuka kutoka hewani haiguswi na kitu. Hapo kuna jambo litakalomgusa Mtanzania yeyote: sehemu kubwa ya rangi hiyo ilikuwa rangi ya duka la vifaa vya ujenzi, ile ya kung'aa ya kupaka milango. Ndo ukoo uleule wa rangi ambao Edward Saidi Tingatinga aliutumia Dar es Salaam kuanzia 1968 kwenye vibao vya mraba, kwa sababu ilikuwepo, ilikuwa rahisi, na inang'aa. Hawakujuana na hakuna aliyemwiga mwenzake, ila ukishajua rangi ile inavyotiririka, nzito, inavyovutika kama asali kabla haijakatika, unaelewa Pollock alikuwa anafanya nini na mkono. Ukiinua kijiti juu uzi unakuwa mwembamba, ukishusha unanenepa, ukikawia inakuwa doa. Jaribu nyuma ya nyumba kwenye kipande cha shuka kuukuu. Mi nilijaribu, nilipata madimbwi, sio nyuzi, na nikirudi makumbusho nilimtazama kwa heshima nyingine.

Haki itendeke pia: Janet Sobel, bibi mmoja mzaliwa wa Ukraine aliyekuwa akiishi Brooklyn, alikuwa anamwaga na kudondosha rangi kabla yake na Pollock aliziona kazi zake. Na Krasner alichora miaka yote ile kwenye chumba kidogo cha juu ndani ya nyumba, mume yuko ghalani, mpaka Pollock alipokufa kwa ajali ya gari Agosti 1956 akiwa na miaka 44 ndipo mke akahamia kwenye nafasi ile kubwa. Ile nyumba leo ni makumbusho, unaingia karakana umevaa vitambaa miguuni maana sakafu yenyewe bado ina rangi iliyodondoka. Ila ni mbali, siku yako moja haitoshi.

Pollock anampendeza nani? Kwa uzoefu wangu ni vijana, wapiga ngoma, watu wa mpira, watu wanaoelewa kitu kwa mwili. Mpwa wangu alifuata uzi mmoja mweusi kwa kidole hewani kutoka upande mmoja mpaka mwingine, mlinzi akamwambia asogee nyuma kidogo, akaendelea kutoka mbali. Wazee wengi hawamtaki, wanasema panachosha macho, na wana hoja, maana Pollock hakupi pa kupumzikia, kila inchi ina jambo. Ndo maana namweka wa tatu, baada ya macho kupata mazoezi, kabla hayajachoka.

Rothko sasa. Huyu nitasema mengi kidogo mnivumilie.

Alizaliwa 1903 Dvinsk, mji ambao leo uko Latvia, familia ya Kiyahudi, akaletwa Marekani 1913, wakafikia Portland, Oregon. Alichora watu na vituo vya treni miaka na miaka kabla hajafika kwenye yale mawingu ya mstatili, mawili au matatu yamepangana juu ya rangi nyingine, hayagusi pembeni, yanaelea. Mkono wake huuoni. Alipaka rangi nyembamba sana, tabaka juu ya tabaka, alichanganya mpaka mayai na utomvu kwenye rangi, kila tabaka linapitisha mwanga kidogo wa lile la chini, kwa hiyo nyekundu yake inatoka ndani kama taa iliyofunikwa na kitenge. Ndo maana mtu wa dakika mbili haoni kitu. Inachukua muda macho kuzoea, kama unapoingia ndani ya nyumba ya udongo kutoka juani, mwanzo giza tu, halafu kinatokea kiti, mtungi, mtu.

Alikuwa mkali kuhusu namna ya kutazamwa. Taa zipungue, kazi itundikwe chini karibu na sakafu, isiwe na fremu, na mtazamaji asogee karibu, alipendekeza kama sentimita 45 hivi, yaani rangi ikufunike. Jaribu hiyo. Watu wanasimama mbali kama wanatazama televisheni halafu wanashangaa hawajasikia kitu. Mwaka 1958 alipewa kazi ya kupamba mgahawa wa gharama kubwa ndani ya jengo la Seagram New York, akachora miezi na miezi, kisha akaenda kula pale na mkewe, akatazama mahali na watu, akarudisha hela, akabaki na michoro. Sehemu yake aliipa makumbusho ya Tate ya London na ikafika huko tarehe 25 Februari 1970, siku ileile alipokutwa amejiua karakanani kwake. Kanisa lake la Houston, chumba cha pembe nane chenye michoro 14 ya giza, lilifunguliwa mwaka uliofuata, hakuliona.

Na kuna habari ya Harvard ambayo huwa nawasimulia wanaodhani rangi ni rangi tu. Alichora kazi kubwa kwa ajili ya ukumbi wao wa chakula, zikawekwa 1964, nyekundu aliyotumia ilikuwa haiwezi jua, na madirisha makubwa, mapazia yanaachwa wazi, ndani ya miaka kumi na tano zikapauka zikatolewa. Mwaka 2014 wakazionyesha tena na taa maalumu inayozimulikia rangi iliyopotea, taa ikizimwa unaona mchoro kama ulivyobaki.

Washington una njia mbili za kumwona. Ya bure ni Makumbusho ya Taifa, ambao mfuko wake uliwaachia kazi nyingi kuliko mahali pengine popote duniani, na kule juu mnarani kwenye jengo la mashariki wametenga nafasi yake, kubwa, nyeupe, mwanga kutoka juu. Ya kulipia ni Phillips Collection, karibu na Dupont Circle, wana chumba kidogo chenye michoro yake minne na benchi moja katikati, kimekuwepo tangu 1960 na Rothko mwenyewe alikuja akataka kibaki na benchi tu na taa zibadilishwe. Ukiniuliza, lipa. Kule mnarani unatazama michoro, kwenye kile chumba unakaa nayo. Na watu wanaingia wawili watatu tu kwa wakati, wanaongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa.

Baba alipofariki mi nilikuwa huku na sikuweza kusafiri kwenda kuzika. Maziko yalikuwa saa saba mchana nyumbani, huku saa kumi na moja alfajiri, niliyafuata kwenye simu ya binamu, picha inakatika. Makumbusho yalipofungua nikaenda kwenye kile chumba nikakaa kwenye lile benchi, sijui nilikaa muda gani. Mbele yangu ilikuwa ile ya kijani na rangi ya zabibu nyeusi. Sikuwaza sanaa, sikuwaza chochote, ila palikuwa na kitu kikubwa cha kutazama kisichoniuliza swali. Ndo maana nasema mwenye msiba aanzie huku na aishie huku, na ndo maana pia sikulazimishi kumpenda siku ya kwanza ukiwa na mkoba wa manunuzi na njaa.

Mambo madogo madogo ya kupanga: kazi zinazungushwa, leo iko ukutani kesho iko stoo au imekopeshwa mji mwingine, kwa hiyo asubuhi ile angalia tovuti zao kabla hujatoka, hasa kwa April 4 na The Eclipse. Makumbusho ya Taifa wanafunga saa kumi na moja jioni, ya Smithsonian pale Gallery Place wanafungua karibu saa sita mchana lakini wanachelewa kufunga mpaka saa moja jioni. Kwa hiyo kiukweli ratiba yangu ya Thomas kwanza inakubana kidogo, ukiwa umeamka mapema sana anza na Relative ya Gilliam na Frankenthaler jengo la mashariki asubuhi, vuka barabara chache kwa Thomas mchana, rudi kwa Pollock na ule mnara. Inatembeka yote kwa miguu, sio mbali. Usivae viatu vipya.

Na mwenye kutaka mtu aliye hai na anayetoka upande wetu wa dunia, akimaliza hawa wanne amtafute Julie Mehretu, mzaliwa wa Addis Ababa 1970, familia yake ilihamia Michigan 1977, anachora juu ya ramani na michoro ya majengo, tabaka kwa tabaka, ana nyuzi za Pollock na ana uvumilivu wa Rothko. Ila usianze naye, utazidiwa na wingi.

Wageni wangu wengi wanalala Silver Spring, kwa hiyo jioni tunarudi na treni nyekundu na huwa nawashusha Takoma, kituo kimoja kabla. Pale chini ya reli kuna ukuta mrefu wa vigae vya rangi, Gilliam aliutengeneza, umewekwa 2011, watu wanapita na mikoba yao kila siku. Mama mdogo aliusogelea akaugusa, pale unaruhusiwa kugusa, akatafuta mahali rangi mbili zinapokutana, akaniita, "Njoo uone, hata kwenye mawe amekunja."